Mshairi Aliyepita Chini ya Buha

Katika masomo ya historia nchini Tanzania, Richard Francis Burton hutajwa harakaharaka kati ya Speke, Livingstone na Stanley, kama mmoja wa wapelelezi waliotangulia ukoloni. Kinachosahauliwa ni kwamba mtu huyu alikuwa mshairi, na tena alikuwa na mkono wa kuchora. Kwa anayetaka kuifahamu historia ya Kasulu na Kibondo, mashairi yake na michoro yake vina uzito kuliko maili alizosafiri, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha alivyowatazama watu na nchi zao. Mwezi Februari 1858 aliipita Buha, nchi ya Waha, kwa chini, akifuata bonde la Malagarasi, na vilima vya Buha vikabaki nje ya picha yake. Sababu zinazotolewa kwa kawaida ni maradhi na ugumu wa njia. Kwangu hizo hazitoshi. Burton alijaliwa kipaji adimu cha kuingia katika nafsi ya mtu wa taifa jingine na kusema kwa sauti yake, lakini kipaji hicho alikiweka kwa ajili ya watu wenye vitabu. Palipokosekana maandishi alidhani pamekosekana fikra. Na Buha ilikuwa nchi ya wafalme, ngoma na nanga, isiyoandika lolote kwenye karatasi.

Alizaliwa Torquay, kusini mwa Uingereza, tarehe 19 Machi 1821, akakulia zaidi Ufaransa na Italia kwa sababu ya wazazi waliokuwa wakihamahama. Chuo Kikuu cha Oxford kilimfukuza mwaka 1842, na mwaka huohuo akajiunga na jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India. Huko India lugha zilimteka. Alisoma Kihindustani, Kigujarati, Kiajemi na Kiarabu kwa bidii ya mtu mwenye njaa, akawa anavaa kanzu na kilemba na kukaa sokoni kusikiliza watu. Mwaka 1853 aliingia Makka akijifanya hujaji Mwislamu, wala hakugunduliwa. Mwaka 1855 aliingia Harar, mji uliokuwa umefungwa kwa Wazungu, na miezi michache baadaye mkuki ukampenya mashavuni alipovamiwa na Wasomali pale Berbera. Kovu hilo linaonekana wazi katika picha aliyochorwa miaka ya 1870 na Frederic Leighton, mmoja wa wachoraji wakubwa wa enzi ya Malkia Victoria.

Burton mwenyewe hakuwa mchoraji wa kiwango cha Leighton, na sina nia ya kumpandisha daraja asilostahili. Alichora kama walivyochora maafisa wengi wa jeshi wa wakati wake, kwa penseli na daftari, mahali ambapo kamera ilikuwa mzigo usiobebeka. Hata hivyo alikitegemea sana kipaji hicho. Kitabu chake cha majuzuu mawili kuhusu safari ya maziwa, The Lake Regions of Central Africa, kilichotoka mwaka 1860, kina picha za rangi zilizochapwa kutokana na michoro yake: milima ya Usagara, nchi ya Unyamwezi, mitumbwi ya Ziwa Tanganyika. Ushairi aliuweka karibu zaidi na moyo. Mwaka 1865 alichapisha shairi refu la dhihaka kwa jina la kubuni. Mwaka 1880 alitoa tafsiri ya utenzi mkuu wa Mreno Camões kuhusu safari ya Vasco da Gama, na mwaka huohuo ukatoka The Kasidah, shairi ambalo alilitangaza kuwa ni la Haji Abdu El-Yezdi, mshairi wa Kiajemi, akajidai kwamba yeye ni mfasiri tu. Haji Abdu hakuwahi kuwepo. Aliyeuliza maswali yale kuhusu kifo, imani, wema na uovu alikuwa Burton, na aliona yatasikika vizuri zaidi yakitoka kinywani mwa hujaji wa Mashariki. Kati ya 1885 na 1888 alimalizia kazi yake kubwa kuliko zote, tafsiri ya Alfu Lela Ulela katika majuzuu 16. Alifariki Trieste tarehe 20 Oktoba 1890, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, akazikwa Mortlake, London, katika kaburi lililojengwa kwa umbo la hema la Bedui.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika ukingoni mwa Buha. Aliondoka Unguja na mwenzake Speke mwezi Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba. Walipokuwa njiani kwenda magharibi, Burton alikuwa amepooza miguu kwa homa na akibebwa kwenye machela, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Walivuka Malagarasi mwanzoni mwa Februari 1858, wakapita kwenye machimbo ya chumvi ya Ruchugi huko Uvinza, na tarehe 13 Februari wakaliona ziwa. Malagarasi ni mto wa ajabu kidogo katika mwendo wake. Chanzo chake kiko kwenye vilima vya mpakani na Burundi, si mbali sana na Tanganyika, lakini badala ya kushuka moja kwa moja ziwani unazunguka kwenda kaskazini mashariki, unapita upande wa Kibondo, unateremka kwenye mabwawa yanayokutana na Moyowosi, ndipo unapogeuka magharibi kupitia Uvinza. Ruchugi nao unatoka nchi ya Kasulu. Kwa hiyo maji ambayo msafara wa Burton uliyavuka mara mbili yalikuwa yameshuka kutoka Buha, na yeye hakuuliza sana yalikotoka.

Huko juu kulikuwa na nini? Kulikuwa na falme kadhaa: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi kuelekea Kakonko, na nyingine ndogo kuelekea ziwani. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake na ngoma za ufalme, na chini yake watware waliosimamia maeneo. Pembeni ya utawala huo walikuwepo wateko, wenye dhamana ya ardhi na ibada zake, ambao ukoo wa kifalme haukuweza kuwapuuza. Ng'ombe walifungamanisha watu kwa ubugabire: aliyepewa ng'ombe alikuwa amepewa pia bwana, na bwana alikuwa amejipatia wajibu. Hata Ujiji, bandari ambamo Burton alikaa miezi kadhaa, ilikuwa katika nchi ya Wajiji, ambao ni tawi la Waha. Hakuwa mgeni mbali na Buha. Alikuwa amelala mlangoni kwake.

Sehemu ya kitabu chake inayosifiwa kuliko nyingine ni pale anapoliona ziwa kwa mara ya kwanza. Anaanza kwa kukata tamaa, maana kupitia miti anaona mstari mwembamba tu wa maji. Anasogea hatua chache, na ghafla bonde zima linafunguka, na nathari yake inapaa kwa rangi: milima ya magharibi, mchanga wa manjano, mawimbi, vijiji na mashamba ufukweni. Ni kazi ya mchoraji anayejua pa kuweka mwanga na pa kuweka kivuli, na hakuna haja ya kuipunguzia sifa. Ila katikati ya furaha ile anaweka hukumu ambayo wasomaji wengi huipita. Anasema kwamba mandhari ile ilipungukiwa kidogo tu na ustadi wa mikono ya watu, misikiti na majumba ya fahari, bustani na viunga, ili ishindane na mandhari zinazosifiwa kuliko zote katika nchi za kale za Ulaya. Hapo Burton anatuambia anachokitambua kuwa sanaa. Ni jiwe lililochongwa na bustani iliyopimwa. Makazi ya mwami, yaliyojengwa kwa miti na nyasi na kuhamishwa mfalme alipofariki, yasingeingia kwenye hesabu hiyo hata kama angepandishwa machela mpaka Heru.

Kwa hiyo naanza na pingamizi la kwanza, la ugonjwa. Ni kweli Burton aliteseka, na kumlaumu mtu aliyepooza miguu kwa kutopanda milima kungekuwa ukatili. Lakini kitabu chake kina kurasa nyingi kuhusu Karagwe, Buganda na Bunyoro, nchi ambazo hakuzikanyaga kabisa. Habari zake alizipata kwa kusikia, na zaidi kutoka kwa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, wa kwanza wao akiwa Snay bin Amir, aliyempokea kwa ukarimu na ambaye Burton alimheshimu kama mtu msomi. Kama masikio yalimtosha kuiandika Buganda akiwa Tabora, yangemtosha kuiandika Heru akiwa Ujiji, ambako ni karibu mara nyingi zaidi. Tofauti ni kwamba Waarabu walikuwa na makazi na biashara Karagwe na Buganda. Buha walipita kandokando. Burton alisikia kwa masikio ya wenye misafara, na masikio hayo aliyaamini kwa sababu yalizungumza Kiarabu, lugha aliyoipenda kuliko zote. Wapagazi waliomwagilia jasho nusu ya bara walikuwa karibu naye kila siku. Mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, alizaliwa katika Uyao na akaenda utumwani India, na alizungumza naye kwa Kihindustani. Pale ambapo habari ilihitaji kupita kutoka Kiha kwenda Kiswahili, kisha Kihindustani, kisha Kiingereza, Burton hakuwa na subira, ingawa subira hiyohiyo alikuwa nayo kwa miaka mingi mbele ya hati za Kiajemi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Waha wenyewe walijifunga. Miaka 13 baadaye Stanley alipita katika nchi yao akimtafuta Livingstone, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 anaeleza jinsi alivyotozwa nguo nyingi za hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi wa njiani, hata akaamua kuutorosha msafara wake usiku kupitia vichaka vya mianzi asitozwe tena. Kwa wasomaji wa London, Buha ikawa nchi ya wanyang'anyi. Lakini tuitazame hongo kutoka upande wa anayeitoza. Ili hongo itozwe lazima kuwe na mpaka unaojulikana, mtu aliyekabidhiwa kuulinda, kiasi kinachojadiliwa, na mkubwa anayepelekewa sehemu yake. Kwa wakati huohuo bidhaa zilizoingia Unguja zilitozwa asilimia 5 kwenye forodha ya Sultani, na hakuna msafiri aliyeita forodha hiyo unyang'anyi, kwa sababu kulikuwa na daftari na mihuri. Malipo yaliyomkasirisha Stanley ni ushahidi wa dola zilizokuwa zikifanya kazi, tena katika miaka ambayo Watuta, wale Wangoni waliopanda kutoka kusini, walikuwa wametikisa ukanda wote ule. Ukali wa Waha ulikuwa na sababu. Mtu aliyeweza kuchambua sheria za ndoa za Waarabu kwa kurasa nzima angeweza kuona hilo, kama angetaka.

Tunafika kwenye ushairi, na hapa ushahidi dhidi ya Burton unatoka kwake mwenyewe. Katika sura za mwisho za kitabu chake cha safari ya maziwa, anapoeleza tabia za watu wa Afrika Mashariki, anakiri kwamba wanapenda kuimba, kisha anadai hawana ushairi: mwimbaji hubuni maneno machache yasiyo na maana wala vina, na kuyarudia mpaka yachukize. Haya yaliandikwa na mshairi aliyekuwa amekaa miezi kadhaa Unguja na pwani. Mwaka uleule wa 1858, Burton akiwa bara, Mwana Kupona binti Msham alitunga huko kaskazini mwa pwani ule utenzi wa wasia kwa binti yake unaosomwa hadi leo. Muyaka bin Haji alikuwa amefariki Mombasa mwaka 1840, na mashairi yake yalikuwa yanakaririwa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayotafakari mauti na magofu ya Pate, ilikuwa imetungwa miongo kadhaa kabla ya Burton kulishughulikia suala hilohilo la mauti ndani ya joho la Haji Abdu. Ningependa kufikiri kwamba kama angeisoma, angetambua ndugu.

Atakayesema kwamba mfano wa pwani hauihusu Buha ana haki kwa kiasi. Pwani iliandika kwa hati za Kiarabu, na milima ya Kigoma haikuandika. Wala siwezi kudai kwamba Heru ilikuwa na ushairi uleule wa Rwanda, ambako Alexis Kagame alikusanya katika karne ya 20 tungo za wafalme na za ng'ombe zilizohifadhiwa vichwani kwa vizazi. Ninachodai ni kidogo na kinathibitika. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno; falme za Buha zilifanana na za Burundi kwa mwami, ngoma na ng'ombe; na nanga, kile chombo cha ubao wenye nyuzi ambacho mwimbaji hukipiga akisimulia kwa sauti ya chini, imepigwa pande zote mbili za mpaka. Jamii yenye nasaba za wafalme za kukumbukwa, na yenye chombo maalumu cha kuzisimulia, haiwezi kuwekwa kwenye kundi la wapiga kelele bila kwanza kusikilizwa. Burton hakusikiliza nyimbo hizo hata mara moja, na bado alitoa hukumu iliyozihusu.

Kuna wanaomtetea kwa kusema kwamba ndivyo walivyofikiri Waingereza wote wa zama zake. Utetezi huo unaangushwa na watu wa wakati wake. Mwaka 1854, kabla Burton hajaiona Mombasa, mmisionari Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kupeleka Ujerumani hati za tenzi za Kiswahili, akiamini zinastahili kusomwa na wanazuoni. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja, akiwapa wasimuliaji heshima ya kuwa walimu wake. Na Burton mwenyewe, alipokuwa balozi mdogo Fernando Po, alikusanya methali za Afrika Magharibi na kuzitoa kitabu mwaka 1865, kitabu kinachokiri katika jina lake lenyewe kwamba kuna hekima huko. Mlango ulikuwa wazi, naye alijua ulipo. Lakini mwaka 1863 alikuwa miongoni mwa waliounda Chama cha Anthropolojia cha London, kilichopanga mataifa kwa ngazi na kuwaweka Waafrika chini, na nadharia hiyo ilimpa ruhusa ya kutosikia. Hili linauma zaidi kwa mtu wa kipaji chake. Msafiri wa kawaida asiyejua ushairi hawezi kudaiwa alichokosa. Burton alikuwa nacho, akakinyima watu hawa.

Picha iliyochorwa kutoka bondeni haikufutika. Sisemi kwamba kitabu cha mwaka 1860 ndicho kilichojenga reli. Reli hufuata mteremko, na bonde la Malagarasi ndilo njia nyepesi ya kufika ziwani tangu kale. Lakini reli ya Wajerumani ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilirudia mstari uleule, na nchi ya juu ikaendelea kujulikana kwa kile ilichokitoa tu. Chini ya Waingereza, Buha ilitoa manamba: vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na kwingineko. Miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulifanya serikali iwakusanye watu wa Kibondo katika makazi mapya, na Buha ikaandikwa katika mafaili ya afya kama pori la mbung'o. Siku hizi kamera zinazofika huko hutafuta kambi za wakimbizi, Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, au Nduta iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mateso ya wakimbizi ni ya kweli na yanastahili kuonyeshwa. Lakini ni nadra kuona katika picha hizo kwamba vilima vile vilikuwa na falme, na kwamba Heru ilikuwa na mwami mwanamke, Theresa Ntare, katikati ya karne ya 20, wakati wanawake walioshika utawala wa jadi Tanganyika walikuwa wa kuhesabika.

Wapo wanaotaka Burton atupwe. Sikubaliani nao, na chumvi ya Uvinza inaonyesha kwa nini. Maelezo yake ya machimbo ya Ruchugi, ya namna maji ya chumvi yalivyochemshwa na chumvi yenyewe kusafirishwa kama bidhaa, ni ya thamani kubwa. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa huko na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulithibitisha kwamba kazi hiyo ilianza yapata miaka 1,500 iliyopita. Kuhusu barabara, bei, mizigo na mitumbwi, Burton ni shahidi makini, mwenye jicho la mchoraji na kumbukumbu ya karani. Kosa ni kumfanya shahidi wa watu. Kila kiangazi Waha waliteremka Uvinza pamoja na watu wa nchi nyingine, wakachemsha chumvi, wakawalipa watemi wa Wavinza sehemu yao, kisha wakapandisha mizigo kuelekea Heru na Muhambwe. Anayesoma kurasa za Ruchugi akiwa na habari hizo ataona kwamba wanunuzi na wachemshaji anaowataja Burton walikuwa na njia zao za kurudi juu, zenye vituo, wenyeji na hongo zake, na kwamba ramani iliyofungwa ndani ya kitabu chake imeziacha zote.